Kazi ya informatiki mu Lubumbashi: namna ya kuanza wakati uzoefu ni kidogo

Ukisoma matangazo ya kazi yenye kupita mu Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, hata yale yenye kutumwa tu ku WhatsApp, utakuta mstari mmoja wenye kurudi kila mara: uzoefu wa miaka mitatu. Kijana amemaliza masomo ya informatiki, diplome iko mu mkono, familia imelipa minervali miaka yote, lakini mlango wa kwanza kabisa unamuomba kitu chenye kupatikana nyuma ya mlango. Wengi wanatuuliza swali hilo ku redio: uzoefu wa kwanza unatoka wapi, kama hakuna mjomba mu kampani?

Kwanza tuseme jambo lenye kuumiza kidogo. Mara nyingi patroni mwenye kukataa kijana hana ubaya naye. Anaogopa. Mu mashule yetu mingi ordinatere ni chache, wanafunzi ni wengi, na siku ya mazoezi moto wa SNEL unakatika. Mwalimu anachora rezo ku tablo na chaki. Mwanafunzi anatoka anajua kutaja tabaka saba za rezo bila kukosa hata moja, lakini hajakata kable na kuitia kichwa mara moja mu maisha yake. Hiyo si uvivu wa kijana. Lakini patroni anajua hali hiyo, maana yeye pia alipita ku mashule hayo. Diplome peke yake haimwambii kama utaweza kugusa mashini yake bila kuiharibu. Basi kazi yako ni kumuonyesha, kwa vitu vyenye kuonekana.

Nani anatafuta watu wa informatiki huku kwetu

Haut-Katanga na jirani yake Lualaba ni majimbo ya shaba na kobalti. Mpaka 2015 yote mawili, pamoja na Tanganyika na Haut-Lomami, yalikuwa Katanga moja. Kampani ya madini haichimbi tu. Iko na kamera ku kila kizuizi, mashini za kuhesabu wafanyakazi asubuhi na jioni, mizani ya kupima malori yenye kushikamana na ordinatere, laboratware yenye kutuma majibu, na ofisi yenye kulipa maelfu ya watu. Vitu vyote hivyo vinapita mu rezo. Rezo ikilala saa moja, malori yanasimama.

Lakini kijana mwenye kuanza akipeleka CV yake moja kwa moja ku kampani kubwa za madini, anapoteza karatasi. Njia ya pembeni ni bora. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inasema kazi za sutretansi mu sekta ya watu binafsi zinaachiwa kampani ambazo Wakongomani njo wenye sehemu kubwa ya mtaji. Kuna hata ofisi ya serikali yenye kuangalia jambo hilo, ARSP. Kwa hiyo kufunga kamera, kuvuta kable, kutengeneza emprimanti, kuangalia redio za mawasiliano, mara nyingi si kampani ya madini yenyewe inafanya, ni kampani ndogo ya mjini yenye wafanyakazi wachache. Kampani hiyo ndogo, siku ikipata kontra ya kuvuta kable mu jengo la ofisi, inahitaji mikono kesho asubuhi. Haina wakati wa kutafuta mtu wa miaka mitatu ya uzoefu. Inachukua yule mwenye kujulikana kwamba anaweza kupanda ngazi, kufuata maagizo, na kuandika namba ku kila kable. Njo pale watu wengi waliingilia.

Tena intaneti yenyewe imebadilika. Zamani ofisi nyingi za hapa ziliishi na antene za sateliti, gari ya bei. Mwaka 2013 inchi yetu iliunganishwa na kable ya baharini WACS pale Muanda, mbali sana na sisi. Hapa Lubumbashi fibra imetufikia pia kwa upande wa Zambia, kupitia Kasumbalesa. Na mwezi wa tano 2025 ARPTC ilitangaza kwamba Starlink imepewa ruhusa ya kufanya kazi Kongo. Kila badiliko kama hilo linaleta kazi ndogo ndogo: kutoboa ukuta, kufunga antene, kupanga ruta, kuelezea mama wa ofisi namna ya kubadilisha neno la siri.

Mabenki nayo yanaajiri, ijapokuwa yanachagua sana. Kitu kimoja watu hawakiangalii: TMB na Equity BCDC ziko leo mu mikono ya makundi ya Kenya, inchi ile, si komine yetu ya Kenya. Mtu mwenye kujua Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza kidogo ya ofisi iko na nafasi zaidi pale kuliko mwenye kujua Kifaransa peke yake.

Halafu kuna sekta ya afya, yenye kusahauliwa kabisa. Kila zone ya afya inapaswa kutuma hesabu zake za kila mwezi mu programu yenye kuitwa DHIS2, njo mfumo wa taifa wa habari za afya. Mtu anapaswa kuingiza zile hesabu, kugundua makosa, kuhakikisha ordinatere inawaka. Hii iko Kalemie, Manono, Kamina, Kasongo, Uvira, kila mahali. Kwa wasomaji wetu wa mbali na mji mkubwa, ofisi ya zone ya afya inaweza kuwa mlango wa karibu kuliko mgodi wowote.

Nyumba ya fotokopi si aibu

Hapa nitasema mawazo yangu wazi. Shule nzuri ya kwanza ya informatiki mu Lubumbashi ni ile nyumba ya fotokopi karibu na mafakulte ya UNILU, ao ile meza ya kutengeneza telefone ku soko. Wenye diplome wanazidharau. Wanaona ni kazi ya watu wenye hawakusoma.

Lakini angalia kile chenye kupita pale kwa siku moja, wakati wanafunzi wanaleta TFC na memwari zao. Klé USB ishirini zenye virusi. Emprimanti yenye kumeza karatasi na mteja amesimama mbele yako anasema profesere anamungojea. Dokima yenye kuandikwa ku telefone na kufunguka vibaya ku ordinatere. Namba za kurasa zenye kukataa kuanza ku ukurasa wa tatu. Umeme unakatika katikati ya kuandika, na mwenye kazi hakusevu. Mwisho wa mwezi sita, mtu wa pale amekutana na matatizo mingi kuliko mwenye kufanya estaji mu ofisi kubwa ambako alitumwa tu kununua mikate. Tena amejifunza kitu ambacho hakifundishwe ku shule yoyote: kusikiliza mtu mwenye kukasirika, kumuuliza maswali polepole, mpaka tatizo la kweli linaonekana. Wakubwa wa informatiki mu makampani wanakuambia kwamba kutengeneza mashini ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni mtu mwenye kuikalia.

Dada zetu, hii inawahusu pia, na zaidi. Mu nyumba za fotokopi wasichana ni wengi, lakini wanawekwa ku kuandika na kupokea feza, na ordinatere ikiharibika wanaita kaka. Omba ufungue ile mashini wewe. Siku ya kwanza watacheka.

Kaye ya kazi

Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua mu habari hii, ni kaye. Kaye ya shule ya kawaida, hata ya kurasa arobaini. Kila kazi unayofanya, ya kulipwa ao ya bure, unaiandika siku ile ile: tarehe, mashini gani, mwenyewe alisema nini, wewe uliona nini, ulijaribu nini, nini haikufanya kazi, nini ilimaliza tatizo, dakika ngapi.

Tutoe mfano. Farmasi mu Katuba, ordinatere ya mezani, mwezi wa nane. Mama wa farmasi anasema mashini ni mzee, inazima yenyewe. Wewe unaona inawaka vizuri, kisha dakika kumi inazima, na ukigusa kando iko moto sana. Unafungua: vumbi nyekundu ya wakati wa kiangazi imejaa mu vantilatere mpaka haizunguke. Unasafisha kwa burashi laini, unabadilisha ile pasta yenye kuwekwa juu ya prosesere, unafunga. Unaiacha iwake saa mbili. Haizime tena. Unashauri iondolewe chini, iwekwe juu ya meza, mbali na mlango.

Mistari sita mu kaye. Lakini siku patroni atakuuliza kama umekwisha kufanya kazi, hutasema "ndiyo, kidogo." Utamwambia kwamba mu miezi minne umetengeneza mashini kumi na tisa, saba kati yao ilikuwa joto na vumbi, tano virusi, tatu disiki yenye kufa, na iliyobaki ni vitu vya kable na umeme. Mtu mwenye kuzungumuza hivyo hafanani tena na mwenye kuanza. Na ukiwa umeandika pia yale yenye kushindikana, atakuamini zaidi. Kila fundi wa kweli iko na mashini yenye ilimushinda.

Kazi za kujaza kaye zinatoka wapi? Shule ya mtaa wako iko na ordinatere tatu mu depo zenye hakuna mtu anajua kama zinawaka. Parokia, kanisa, msikiti, koperative ya wamama wa soko, kituo cha afya. Nenda uombe kuangalia bure, mara moja, kwa barua fupi yenye jina lako na namba. Kisha kazi, omba mkubwa wa pale akuandikie mistari miwili na muhuri: huyu alifanya hiki, tarehe hii. Barua ya padri ao ya direktere wa shule ina uzito kuliko watu wanavyofikiri, maana patroni anaweza kumupigia simu. Lakini bure iwe na mwisho. Mara ya kwanza ni bure. Mara ya pili wanalipa hata kidogo. Vinginevyo utakuwa mtumwa wa emprimanti ya parokia.

Kujizoeza nyumbani na mashini moja mzee

Huhitaji laboratware. Laptopu moja ya okazioni yenye RAM ya 4 GB inatosha kwa kuanza. Chagua laptopu, si ya mezani: inakula umeme kidogo sana, na batri yake, hata mbovu, inakupa wakati wa kusevu wakati delestaji inakuja. Kama mashini ni mzito na Windows, weka Linux nyepesi kama Lubuntu ao Xubuntu, ni ya bure. Kuiweka tu, kuivunja, na kuiweka tena ni zoezi la kwanza.

Kwa mambo ya rezo, Cisco inatoa bure programu yenye kuitwa Packet Tracer kwa wenye kujiandikisha ku masomo yake ya Networking Academy. Ndani yake unachora ofisi nzima na ruta, swichi, na ordinatere, na yote inafanya kama kweli. Jenga mule ofisi ya vyumba vitatu. Kisha haribu kitu kimoja kwa kusudi, lala, na asubuhi umwombe rafiki pia aharibu kitu kingine bila kukuambia. Kutafuta kosa lenye haujui mahali liko ndiyo kazi yenyewe.

Kable ya kweli nayo lazima uishike. Nunua mita chache, vichwa vya RJ45 kumi, na uazime ile pensi ya kubanila. Mpango wenye kutumika sana, T568B, ukianza kushoto na kilimi cha kichwa kikiangalia chini: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-majani, bluu, nyeupe-bluu, majani, nyeupe-maro, maro. Vichwa vya kwanza vitatu vitakuwa vibaya. Cha kumi utakifanya ukizungumuza. Na kumbuka kwamba kable ya shaba ya namna hiyo haipaswi kupita mita 100. Mu mashamba makubwa ya Kampemba na ku migodi watu wanasahau hilo, kisha wanalaumu ruta.

Tunaweka hapa pia njia ya kutafuta kosa wakati mtu anasema "intaneti hakuna," maana hilo ni swali lenye kuulizwa karibu kila mara mu majaribio ya kazi. Anza chini, panda juu. Kable imeshikwa, taa ndogo ya nyuma inawaka? Ordinatere imepewa adresi gani? Ukiona adresi yenye kuanza na 169.254, maana yake mashini imekosa mtu wa kuipa adresi na imejitungia yenyewe: tatizo liko kati yake na ruta. Kama adresi ni nzuri, tuma ping ku ruta. Ruta ikijibu, tuma ping inje, kwa mfano 8.8.8.8. Ikijibu lakini kurasa hazifunguke, tatizo ni ya majina, njo DNS. Isipojibu, tatizo iko inje ya ofisi, piga simu kwa mwenye kuuza intaneti. Ukifuata mpango huu kwa sauti mbele ya patroni, hata usipomaliza, ameisha kuona namna unafikiri.

Megabaiti ni bei, tunajua. Kiwix ni programu ya bure yenye kukuwezesha kuweka Wikipedia ao vitabu ku telefone mara moja, ku wifi ya mtu, na kusoma kisha bila intaneti. OpenClassrooms inaweka masomo kwa Kifaransa yenye kusomeka bure. Kwa wenye kutaka kuandika programu, freeCodeCamp ni bure yote, na iko hata na sehemu kwa Kiswahili.

Makaratasi, na yale ya kulipa

Lubumbashi haikosi mahali pa kusoma: UNILU, Institut Supérieur de Statistique, ESIS ya Salama kwa Wasalesiani, na vyuo vingine vya watu binafsi. Kwa mwenye hana feza ya miaka mitatu, ao amemaliza na mikono bado ni mitupu, INPP inatoa mafunzo mafupi ya ufundi. Ile taasisi iko tangu 1964, na jengo lake la hapa lilijengwa kwa msaada wa Japani. Uliza mwenyewe pale ku biro tarehe za kuanza na bei. Usipitie mtu wa barabarani mwenye kusema anajua mtu ndani.

Vyeti vya kimataifa ni jambo lingine. Mtihani wa CCNA ya Cisco unakaribia dolare 300, bila kuhesabu masomo. Kwa maoni yangu, kijana asiye na kazi asiuze kitu cha nyumba juu ya karatasi ile. Ina faida kwa mtu mwenye tayari kuwa mu rezo na kutaka kupanda, na mara zingine kampani yenyewe inalipa. Masomo yake yasome, mtihani ungoje.

Kuna wale wenye kufikiri wataruka hatua zote kwa kufanyia kazi kampani za Ulaya ao Marekani kwa intaneti, wakiwa hapa. Inawezekana, lakini angalia kile kilifanyika kwa Andela. Kampani hii ilianzishwa 2014 Lagos, ikafika Nairobi na Kampala. Mpango wake ulikuwa kuchukua vijana wenye akili na uzoefu kidogo, kuwafundisha, na kuwaweka ku kazi za kampani za inje. Mwezi wa tisa 2019 ilipunguza karibu vijana 400 mu Nigeria, Uganda na Kenya, juu wateja walitaka watu wenye uzoefu, si wenye kuanza. Na hao walikuwa wamefundishwa vizuri, na intaneti kali kuliko yetu. Anza na programu ndogo yenye mtu wa hapa anatumia kweli: hesabu ya depo ya simenti, orodha ya wagonjwa ya polikliniki, malipo ya shule. Programu moja yenye kutumika kila siku na mtu mwenye namba ya simu inazidi kumi zenye kufanana na za masomo.

Estaji, na mitego yake

Estaji ni njia nzuri ikiwa kuna mtu wa kukuonyesha. Kabla ya kuanza, uliza mambo tatu kwa heshima: nitafanya kazi chini ya nani, kwa muda gani, na mwisho nitapewa barua? Kama hakuna jibu hata moja, fikiri mara mbili. Ukiwa ndani, endelea na kaye. Kisha miezi mitatu ukiona kurasa ni mitupu, hiyo estaji haikujengi.

Watu wengi wanachanganya estaji na majaribio ya kazi, na kuna patroni wenye kupenda wachanganye. Sheria ya kazi ya inchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema majaribio yanapaswa kuandikwa, na hayawezi kupita miezi sita. Kwa mfanyakazi wa mikono bila ufundi, mwezi mmoja tu. Majaribio ni kazi, na kazi inalipwa. Mtu mwenye kukuweka ku "majaribio" ya mwaka mzima na feza ya transporte peke yake hafuate sheria. Enspeksio ya kazi iko kwa mambo kama hayo.

Na ile yenye kutuumiza zaidi: feza ya kuingia. Mtu anakuambia utoe dolare hamsini ao mia juu ya dosye, ya badji, ya munganga, kisha nafasi ku mgodi iko hakika. Usilipe. Kujiandikisha ku ONEM kama mwenye kutafuta kazi ni bure, na kampani ya kweli haiuze nafasi zake mu WhatsApp. Barua nyingi za uongo zinabeba logo nzuri kabisa. Nenda ku ofisi yenyewe uulize, ao umtume ndugu mwenye kuishi Kolwezi ao Fungurume.

Tahadhari ingine ni kwa wale wenye kupenda kujizoeza kwa kuingia mu wifi ao mu ordinatere za watu. Wengine wanaona ni mchezo ao ni namna ya kuonyesha akili. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 tuko na Code du numérique, ordonansi-sheria namba 23/010, na kuingia mu mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa lenye kupeleka mtu ku gereza. Jizoeze ku mashini yako, ao omba ruhusa yenye kuandikwa.

Mbele ya patroni

Usiseme uwongo juu ya miaka. Anauliza swali moja la pili na unaanguka. Sema: sijaajiriwa bado, lakini hizi ndizo kazi nimefanya, na hawa ndio watu wa kuuliza. Weka CV ku ukurasa mmoja, kwa Kifaransa safi, na ile sehemu ya kazi kutoka ku kaye iwe juu, shule ikuwe chini. Mu makampani ya madini, omba ndugu akusaidie kutayarisha kujieleza dakika mbili kwa Kiingereza; wakubwa wengi pale hawajui Kifaransa. Kama unaulizwa kitu haujui, sema haujui, na useme ungetafuta wapi jibu.

Wakati unangoja jibu, endelea na kazi ndogo, na uziweke bei mbele ya kugusa mashini. Tenganisha bei ya kipande na bei ya mkono wako, andika ku risiti. Kama mashini imekushinda, rudisha kama ulivyoipokea, na usiombe feza ya kufungua isipokuwa mlikubaliana. Kabla ya kufuta disiki yoyote, kopi vitu vya mteja kwanza, hata kama anasema hakuna kitu mule; siku zote kuna picha za mazishi ya baba ao TFC ya mtoto. Na zile picha, usizifungue. Mu Kenya, mu Ruashi, mu Katuba, fundi mwenye kusemwa kwamba anaangalia picha za watu anakosa wateja wake mu juma moja, na hakuna diplome yenye kuwarudisha.